Besi ya Nyuzi Tano na Betri Moja

Siku za kazi niko masjala, katika wizara moja huko Mtumba. Napokea mafaili, nayapa namba, kisha nayasubiri yapotee. Jumamosi napiga gitaa la besi katika bendi ya watu watano ambayo, kwa maelezo ya kiongozi wetu, ni bendi bora kuliko zote Kanda ya Kati. Hakuna aliyewahi kumbishia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Besi nilijifunzia kwaya. Mpiga besi wa kanisani kwetu alihamishwa kikazi, na Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya alitembea mbele ya safu ya sauti ya pili, akatega sikio kwa kila mmoja wetu, akasimama mbele yangu.

"Binti," akasema kwa upole mkubwa, "sauti yako si mbaya. Lakini njoo ushike hiki."

Kwaya nzima ilielewa. Mimi nilichukua miaka miwili kuelewa, na wakati huo nilikuwa nimeshaipenda besi kiasi kwamba sikuona faida ya kukasirika.

Baadaye bendi ya shughuli za mjini ikaniita. Nasema bendi ya shughuli kwa maana ya harusi, sendofu, kipaimara, kuaga wastaafu, na mara moja ufunguzi wa kituo cha mafuta. Kila tulikokwenda, watu walinishangaa. Mwanamke anapiga besi! Wakanipiga picha kama mbuzi mwenye miguu mitano. Kwetu Ugogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Bibi yangu aliibana mapajani akaipiga mpaka vumbi likasimama, na hakuna mtu aliyemuuliza kama mumewe anajua. Ila chombo kikishachomekwa kwenye umeme, inaonekana kinageuka kuwa mali ya wanaume.

Mume wangu alikuwa anajua, kwa taarifa ya wote walioniuliza. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, na kuhusu muziki wangu ana kauli moja tu: "Ni mzuri." Nikipiga vizuri, ni mzuri. Nikikosea kutoka mwanzo mpaka mwisho, ni mzuri. Ushauri wa namna hiyo humtunza mke, lakini haumsaidii kuchagua gitaa.

Na ilifika siku ya kuchagua. Besi niliyokuwa napigia ilikuwa mali ya kanisa, nayo kwaya ilipata kijana wa kuipiga, ikaitaka. Nikamwambia kiongozi wetu kwamba ninahitaji besi yangu mwenyewe. Macho yakamng'aa. Kiongozi wetu anapiga solo, na mchana ni fundi wa madirisha ya vioo, lakini kazi yake hasa ni kutazama video za vyombo vya muziki kwenye simu. Kwa kila chombo ana maoni, na maoni yake yote yanaelekea kwenye kitu kikubwa zaidi.

"Dada," aliniambia, "zama za nyuzi nne zimepita. Bendi ya hadhi yetu inapiga besi ya nyuzi tano."

Hadhi yetu wakati huo ilikuwa spika mbili, moja ikiwa imeshonwa kwa uzi wa viatu. Hata hivyo nilikwenda naye kwenye duka moja la vyombo upande wa Majengo, kwa sababu nilidhani mtu anayezungumza kwa uhakika namna ile lazima awe anajua kitu.

Muuzaji alitupokea kwa kumsalimia yeye. Alipoambiwa kwamba besi ni yangu mimi, akacheka vizuri, kisha akaendelea kumweleza yeye.

"Hii hapa ni mzigo, kaka. Nyuzi tano. Halafu ni aktivu."

"Ni aktivu!" kiongozi akanigeukia, kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto amefaulu.

"Aktivu maana yake nini?" nikauliza.

Wakatazamana. Wakanihurumia.

"Ina betri," akasema muuzaji.

"Betri ya nini?"

"Ya kuifanya iwe aktivu."

Baada ya elimu hiyo, sikuwa na swali lingine. Besi ilikuwa nyeusi, inang'aa mpaka nilijiona meno. Shingo yake ilikuwa pana kama ubao wa kukatia mboga. Nilipoivaa begani, mguu wangu wa kushoto ulisogea wenyewe kutafuta mizani. Nilitaka kuijaribu, lakini muuzaji alisema amplifaya ya dukani ina tatizo, na kiongozi akasema chombo kizuri kinajulikana kwa macho. Mimi, mtu mzima, mtumishi wa umma mwenye mafunzo ya kukagua kila karatasi kabla ya kugonga muhuri, nikanunua gitaa bila kusikia sauti yake.

Nyumbani mume wangu aliitazama. "Ni nzuri," akasema. Kisha akajaribu kuinyanyua, akaongeza, "Na ni nyingi."

Mazoezini tuliichomeka. Nyuzi nne za kwanza zilikuwa sawa. Uzi wa tano, ule mnene wa juu kabisa, ulitoa kwenye spika zetu sauti ya mtu anayeburuta kabati chumba cha pili. Nilijaribu tena. Kabati likaburutwa tena. Mpiga drams wetu, mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye husema maneno kumi kwa siku na sita kati ya hayo ni salamu, alisimamisha vijiti vyake.

"Huo wa tano," akaniuliza, "wewe unausikia?"

"Hapana."

"Hata mimi."

"Hausikiki," kiongozi akaingilia kwa subira ya mwalimu, "unahisiwa."

Basi nikahisi. Nilihisi bega la kushoto, nikahisi kiuno, na baada ya shughuli ya tatu nikahisi mkono wote mpaka kidole kidogo. Jumatatu ofisini nilishindwa kunyanyua faili kutoka rafu ya juu, na mkuu wangu wa kazi akaniuliza kama nimeanza kilimo. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kisha ikaja shughuli ya Chemba.

Ilikuwa harusi ya binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe, na tuliambiwa tuanze saa saba mchana ili wageni wa mbali wawahi kurudi. Maturubai yalikuwa yamefungwa uwanjani, jenereta imewekwa nyuma ya jiko, na upepo wa kule unajulikana: kila baada ya muda ulikuwa unapita kukagua vyakula na kuweka mchanga kidogo pale ulipoona panafaa. Mshereheshaji alikuwa ametoka mjini Dodoma. Alikuwa na suti ya rangi ya zambarau na maiki isiyo na waya, na alikuwa na imani kwamba watu wamekuja kumsikiliza yeye. Aliongea kabla ya nyimbo, baina ya nyimbo na juu ya nyimbo. "Naona mama anacheza! Naona baba naye anacheza!" Kama tungeruhusiwa, tungemjibu kwamba na sisi tunaona.

Lakini mambo yalikwenda vizuri. Aliyesimamia uchezaji alikuwa shangazi wa bibi harusi, mwanamke mwembamba aliyefunga kitenge juu ya gauni, ambaye alikuwa akiwainua watu vitini kwa kidole kimoja. Kwetu sisi alizungumza Kiswahili. Kwa ndugu zake alizungumza Kisandawe, ile lugha ambayo ulimi unagonga kaakaa kama mtu anavunja vijiti vikavu, na aliyegombezwa kwa lugha hiyo hakubaki kwenye kiti. Kufikia saa tisa wanawake wote walikuwa uwanjani, na wazee nao wameanza kutikisa magoti kwa siri.

Katikati ya wimbo uliofuata besi yangu ilianza kukoroma. Nikadhani ni ule uzi wa tano. Nikahamia nyuzi nyingine, nazo zikakoroma. Kisha sauti ikapungua kama redio inayoondoka kwa baiskeli, ikapungua tena, ikaisha. Betri ilikuwa imekufa.

Niliendelea kuchezesha vidole. Sikujua la kufanya, na mtu akiwa jukwaani mbele ya watu mia tatu hawezi kusimama tu kama mwenye kusubiri fomu. Nilimtazama kiongozi. Akaniinulia kidole gumba. Yule yule aliyeniambia besi inahisiwa, aliyetazama video zote za besi duniani, alipiga solo yake kwa macho yaliyofumbwa, bila kuhisi kitu.

Mshereheshaji hakugundua. Mpiga kinanda hakugundua. Walio kwenye viti hawakugundua. Nilianza hata kujisikia vibaya: miaka yote hii, kumbe ningekaa nyumbani.

Ila miguu iligundua. Mwanamke mmoja alipunguza mwendo, akatazama chini kana kwamba amekanyaga kitu. Mwenzake akasimama, akafunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimefunguka. Wawili wakarudi kwenye viti, kisha wanne. Hakuna aliyejua kwa nini amechoka ghafla. Mpiga drams peke yake alinitazama, akaelewa, akaanza kulikanyaga lile dramu kubwa kwa nguvu za mtu anayetwanga uwele wa kijiji kizima, lakini mguu mmoja haufanyi kazi ya watu wawili. Uwanja ukabaki na shangazi na watoto.

Wimbo ulipoisha shangazi alikuja moja kwa moja jukwaani.

"Shikamoo shangazi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mbona muziki umekatika miguu?"

"Ni waya tu, mama," kiongozi akawahi. "Tunarekebisha."

"Waya gani? Ngoma inalia, gitaa linalia, na wewe unalia. Ila kuna kitu kimeondoka humu." Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyenyamaza?"

Nikakiri. Nikamweleza kwamba betri ya gitaa imekwisha.

Akautazama waya uliotoka kwenye besi yangu kwenda kwenye amplifaya, na waya uliotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye jenereta, akaufuata kwa macho mpaka nyuma ya jiko.

"Hilo gitaa si limechomekwa kwenye umeme?"

"Limechomekwa."

"Na bado linataka betri?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kama ng'ombe uliyempeleka malishoni," akasema taratibu, "na bado anataka umkatie majani."

Sikuwahi kusikia maelezo bora ya neno aktivu. Mtu akatumwa madukani kwa pikipiki. Akarudi na habari: betri za tochi zipo, za rimoti zipo, zile za mraba kama yangu labda Kondoa. Kiongozi akapendekeza tupige bila besi, kwa kuwa watu hawajali. Alisema hivyo akiwa amesimama mbele ya viti vilivyojaa watu waliokuwa wamekaa.

Hapo mpiga drams akatumia maneno yake ya siku.

"Maiki ya emsii," akasema. "Ina hiyo hiyo."

Tukamtazama mshereheshaji. Alikuwa katikati ya uwanja mtupu akiwaeleza watu umuhimu wa kuwahi kwenye shughuli. Shangazi hakuuliza swali la pili. Alimfuata kwa hatua za heshima kabisa, akamshika kiwiko.

"Mwanangu, umeshakula?"

Swali likatoka kwenye spika zote mbili, na jibu lake nalo: "Bado, mama! Kazi kwanza!"

"Kazi imetosha."

Akaichukua maiki mkononi mwake kama unavyomchukua mtoto wa mwenzio ili aweze kula, akamkalisha mbele ya sinia la pilau, akaweka kipande cha nyama mbele yake kwa mkono wake mwenyewe. Mshereheshaji alifungua mdomo kutangaza kwamba sasa anakula, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walisikia wa meza yake tu.

Kifuniko cha betri ya besi kilikuwa na skrubu, kwa hiyo tukaazima kisu cha vitunguu jikoni. Mpiga drams akashika tochi ya simu ingawa ilikuwa mchana kweupe, nami nikafungua, nikatoa betri iliyokufa, nikaweka ya maiki. Nikagonga uzi mmoja. Sauti ikarudi, nene, na nilimwona bibi mmoja mstari wa pili akinyanyuka kabla sijapiga wa pili, bado na mfupa mkononi.

Watu wakacheza saa nzima bila kutangaziwa kwamba wanacheza. Zawadi zikatolewa kwa mikono na vigelegele, na aliyeleta mbuzi akajitangaza mwenyewe. Baba wa bibi harusi alinipungia mkono mara mbili. Nadhani shukrani zake hazikuwa za muziki.

Njia ya kurudi, kwenye gari la vyombo, kiongozi alisema kwa sauti ya mtu anayefunga kikao, "Funzo ni kwamba utembee na betri mbili."

"Funzo," nikamjibu, "ni kwamba nitafute besi isiyokula."

Alinuna mpaka Mayamaya. Pale akanieleza kwamba nisipokwenda na wakati, wakati utaniacha. Nikamwambia kwamba ukiniacha nitapumzisha bega.

Wiki iliyofuata mpiga drams alinipigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hombolo, karibu na shamba lake la zabibu, kuna mama mjane, mumewe alikuwa mpiga besi wa bendi ya dansi zamani. Gitaa lake bado lipo ndani. Kama nataka, twende Jumapili baada ya ibada. Alipomaliza kusema hayo alikata simu, nadhani akiwa amechoka.

Tulimkuta mama huyo anaanika mlenda kwenye mkeka mbele ya nyumba. Tulimwamkia, akaitikia, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye unapiga? Unapiga kweli, au unashika tu kama kwenye kalenda?"

"Napiga, mama."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Maskini mwanaume," akasema, akatukaribisha ndani.

Gitaa lilikuwa nyuma ya kabati, limefungwa kwenye blanketi na kukazwa kwa kamba ya katani. Alilitoa kwa kulivuta shingo, kama kuku. Lilikuwa fupi, fupi kweli, kama lililokatwa ili liingie kwenye basi. Rangi yake ilikuwa ya maharage yaliyoungua, na pale mkono wa mwenyewe ulipokuwa ukipumzika rangi ilikuwa imekwisha kabisa, mbao imebaki wazi na laini. Nyuzi nne. Nikalipindua kutafuta kifuniko cha betri. Hakikuwepo. Nililiweka pajani na mkono wangu wa kushoto ukafika kila mahali bila kuomba ruhusa ya bega.

Hapakuwa na amplifaya. Nikapiga hivyo hivyo, sauti ndogo ya mbao, wimbo wa kwaya. Mama alisikiliza huku anaokota vijiti kwenye ungo wa mlenda.

"Siyo hivyo," akasema.

"Samahani, mama?"

"Lenyewe halilii hivyo. Linalia hivi." Akaweka ungo chini. "Du. Du-du. Dum. Halafu ananyamaza. Halafu dum, dum, anapanda, anashuka. Ananyamaza tena. Hapo kwenye kunyamaza ndipo alipokuwa ananiuliza kama chai iko tayari."

Nikajaribu. Akanirekebisha. Nikajaribu tena, akatikisa kichwa, akaimba upya, akipiga goti kwa kiganja. Mpiga drams akaanza kugonga ukingo wa kiti kwa vidole.

"Ni wimbo gani huu, mama?"

"Mimi nitajuaje? Dansini hakuwahi kunipeleka. Alisema kuna walevi. Nyumba haikuwa na umeme, alikuwa anakaa pale, kwenye kile kigoda, mchana kutwa, anapiga upande wa chini peke yake. Mimi napika, nasikia dum dum. Nimesikia dum dum miaka yote hiyo. Zipo nyingi humu," akajigonga kwenye paji la uso, "zote hazina maneno."

Tuliurudia ule mstari labda mara kumi. Ndipo, kwenye kile kituo cha kunyamaza, nikasikia kitu ambacho hakikuwemo: sauti za waimbaji zikiingia. Niliujua. Ulikuwa wimbo wa dansi wa zamani ambao kila bendi ya harusi inaupiga, hata sisi tunaupiga, na mimi nilikuwa nimeupiga miaka yote hiyo bila kunyamaza hata mara moja, nikiwakanyaga waimbaji kila walipotaka kuingia. Sikusimamisha vidole. Nikaanza kuimba maneno yake juu ya besi, kwa sauti yangu ile ile iliyoniondoa kwenye safu.

Mama aliacha kupiga goti.

"Huo?" akasema. "Kumbe ndiyo huo? Huo naujua! Unapigwa redioni kila siku! Huo nimeucheza harusi ya mdogo wangu!"

"Ndiyo huo, mama."

"Na yule aliyekuwa anapiga chini pale redioni..."

Sikujua kama alikuwa yeye au mtu mwingine, na sikutaka kubuni. Nje kuku walikuwa wameshaugundua mlenda, na mama hakuwafukuza. Kisha hasira ikampanda, hasira ya kweli, ya mke.

"Sasa kwa nini hakuniambia? Nampikia, namfulia mashati ya dansi, naimba huo wimbo hapo jikoni, na yeye amekaa pale anaupiga, hasemi kwamba ni mmoja!" Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Watu wa besi nyie. Mkisema neno mnaona mtakufa."

Mpiga drams alitazama viatu vyake. Alijiona amehusishwa.

Bei tulikubaliana kabla chai haijapoa. Masharti yalichukua muda mrefu zaidi. Lisiachwe juani. Lisiazimwe kwa kwaya yoyote, hata iwe imeokoka vipi. Mume wangu asilale njaa kwa sababu yake. Na niwe nakuja, ili zile nyingine zilizomo kichwani zipate maneno kabla hajaenda nazo.

Kiongozi alipoliona gitaa mazoezini aliuliza linakua lini. Akasema ni la mtoto, ni la makumbusho, na kwamba nimeirudisha bendi nyuma miaka hamsini. Nikalichomeka. Halikung'uruma wala halikuburuta kabati. Lilitoa sauti fupi na ya mviringo iliyokaa chini ya kila kitu, na spika iliyoshonwa, kwa mara ya kwanza, haikulalamika. Mpiga drams alitabasamu mpaka akakosea.

Shughuli ya kwanza niliyolipigia ilikuwa kumuaga mstaafu mmoja kule Mtumba, Ijumaa alasiri, kwenye ukumbi wa wizara yetu wenyewe. Hapo ndipo ofisi nzima ilipojua kwamba kilimo changu kina nyuzi. Mstaafu, mzee ambaye kwa miaka yote niliyomjua alitembea kama anayebeba trei ya mayai, alisimama kwenye wimbo wa pili akacheza mpaka koti likaanguka, na mkurugenzi akaliokota. Tulipopiga ule wimbo wa dansi, nilinyamaza pale pa kunyamaza. Waimbaji wetu waliingia, wakageuka kunitazama, kama watu waliofika mlangoni wakakuta kwa mara ya kwanza hawajafungiwa.

Baada ya shughuli ofisa mmoja alimfuata kiongozi wetu akamsifu. Muziki wa leo umetulia, akasema, mmefanya nini?

"Tumebadilisha kebo," kiongozi akamjibu.

Mimi nilikuwa nazungusha kebo hiyo hiyo ya siku zote, mita mbili kutoka kwake. Nilicheka peke yangu, nikaendelea kuzungusha. Ile nyeusi ya nyuzi tano niliitangaza, na ikachukuliwa na kijana mmoja mwenye mabega mapana aliyeuliza swali moja tu: ni aktivu? Nikamwambia ni aktivu. Alifurahi sana.

Hombolo naenda karibu kila mwezi, mara nyingine na mume wangu, ambaye mama anampa chakula kingi kwa huruma. Mpaka sasa tumezipatia maneno nyimbo tisa. Nyingine ni maarufu, nyingine ilibidi niwaulize wazee wa kanisani, na mmoja ulikuwa utenzi wa msibani uliopigwa kwa haraka. Kila mmoja ukitambulika mama hufurahi kwanza, kisha humgombeza marehemu.

Jumapili iliyopita alinipa mmoja mpya. Mrefu, unazunguka, unapanda mahali usipotegemea na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Niliupiga, mpiga drams akagonga kiti, nikaujaribishia maneno ya nyimbo zote ninazozijua. Hakuna lililokaa.

"Labda alikuwa anatunga wa kwake, mama," nikasema.

"Kutunga!" akasema, akinyanyuka kwenda kuangalia sufuria. "Alikuwa anasubiri ugali."

Tukaupiga tena toka mwanzo, na yeye akatuimbia akiwa huko jikoni.